Shangazi wa Stoo ya Viazi

Jumapili, 12 Mei

Shangazi amefika. Nimeishi na wagonjwa, nimeishi na wakwe, nimeishi na mbuzi waliolala jikoni mwaka ule wa wezi, lakini sikutegemea kwamba kwa umri huu ningempokea chatu kwenye stoo yangu ya viazi.

Amekuja na Fuso ya mchele kutoka Igawa, ndani ya kasha la mbao lililotobolewa matundu. Wanaume wanne wamelishusha. Dereva hakukanyaga chini mpaka kasha lilipoingia ndani na mlango ukafungwa. Clement alikuwa kibarazani na blanketi mabegani akielekeza kwa fimbo, "Huku jamani, polepole," na kwa mara ya kwanza tangu turudi kutoka hospitali Mbeya nimemwona mume wangu anacheka.

Ndiye aliyemtunza nyoka huyu miaka yote aliyofanya kazi kwenye bustani ya nyoka kule Igawa, kando ya barabara kuu, mahali wasafiri wanaposhuka kula chipsi na kupiga picha. Mwenye bustani ameuza kiwanja. Nyoka wadogo wamepata pa kwenda, huyu mkubwa hakuna aliyemtaka. Watu wa wanyamapori wamempa Clement kibali cha muda mpaka nafasi ipatikane. Jina la Shangazi alimpa yeye, eti kwa sababu akifika anakula, analala, na haondoki. Mimi mwenyewe ni shangazi wa watu. Nilishamwambia kwamba utani huo haunichekeshi.

Jumanne, 14 Mei

Clement ameuliza tena dawa za vidonda vya tumbo zitaisha lini. Nimemwambia ni za muda mrefu.

Hana vidonda vya tumbo. Kule Mbeya daktari alituita pembeni, mimi na binti yetu Pendo, akatuambia ni saratani ya ini, imeshasambaa, na tusitegemee kwamba ataziona mvua za mwisho wa mwaka. Pendo alinishika mkono tukiwa bado koridoni. "Mama, baba asijue. Akijua atakata tamaa kabla ya siku zake." Nikakubali bila kufikiri, maana ndivyo tunavyofanya huku. Mgonjwa hapewi habari mbaya. Mama yangu alikufa akiamini ana malaria, na tulimzika tukiona tumemtendea mema.

Tunaojua ni mimi, Pendo, wifi yangu Matilda, na jirani yetu Tekla, kwa sababu Tekla humfichi kitu.

Jumatatu, 20 Mei

Baridi imeanza. Clement amekwenda stoo kwa fimbo yake kunifundisha kazi. Beseni la maji lisikauke. Nisiingie nikiwa nimetoka kumshika sungura, mikono itanuka chakula. Nisimlishe peke yangu hata siku moja. Nisimshike kichwa, hapendi. Aliniambia niuweke mkono wangu mgongoni mwake, nikauweka. Nilidhani atakuwa na utelezi. Ni mkavu na msafi, na chini ya ngozi unausikia mwili unajisogeza.

Clement aliongea naye muda mrefu, habari za Igawa, nani kahama, nani kafungua genge. Mimi haniongeleshi hivyo. Nimemwonea wivu nyoka.

Jumapili, 2 Juni

Baada ya ibada Matilda amenisubiri nje. Ni dada yake Clement, mzee wa kanisa, mwanamke asiyejua kuzungusha neno.

"Wifi, unajua watu wanasemaje?"

"Watu gani?"

"Wote. Wanasema huyo nyoka ni wa utajiri, na kaka ndiyo anayeliwa."

"Utajiri uko wapi? Bati zangu si unaziona?"

"Nakuambia wanavyosema. Mimi mwenyewe nasema mumtoe. Mchome moto, basi."

"Ana kibali cha serikali."

"Kibali hakimfanyi asiwe nyoka."

Nimerudi nyumbani nimefura, nikaacha viazi vikaungua. Matilda ana moyo wa jiwe. Siku daktari alipotuambia nilimpigia simu kumweleza, na badala ya kulia aliuliza tu, "Kaka mwenyewe kasemaje?" Kana kwamba mtu mwenye akili anaweza kumwambia mgonjwa jambo kama lile.

Jumapili, 9 Juni

Clement hafiki tena stoo, miguu imevimba. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kumlisha Shangazi. Tekla amekuja kunisaidia, mwenyewe kajitolea, yeye ambaye jikoni kwake simbilisi wa kufuga, wale kama panya wanene wasio na mkia, wamejaa chini ya kichanja cha kuni na haogopi chochote chenye uhai. Tumemwingiza sungura. Shangazi amemtazama kama mtu anayesikiliza mahubiri marefu. Sungura amekula majani yake pembeni mpaka jioni, nikamtoa mzima.

Clement aliuliza hata kabla sijavua mabuti.

"Amekula?"

"Amekula."

"Alimkamata upesi?"

"Upesi."

"Basi msimguse wiki nzima, atatapika."

Akalala vizuri leo kuliko siku zote. Tekla alikuwa mlangoni, akanitazama, nikamtazama, tukaelewana.

Alhamisi, 13 Juni

Ukungu. Hajala.

Jumapili, 16 Juni

Ukungu. Sungura ni yule yule. Nimeanza kumzoea.

Jumamosi, 22 Juni

Leo nimemgusa Shangazi, ni wa baridi kama mtungi. Hajajinyoosha siku nyingi, amejiviringa kwenye kona na kichwa kakificha chini. Nimejaza maji ya moto kwenye madumu, nimeyafunga kwa vitenge na kumzungushia. Nimeongeza balbu ya kumpa joto. Nimeziba chini ya mlango kwa magunia.

Ndani nako kuna mtihani wake.

"Amejisaidia?" Clement ameuliza.

"Ndiyo."

"Rangi gani?"

Sikuwa nimejiandaa. "Ya kawaida tu."

"Kuna nyeupe nyeupe?"

"Ipo."

Amefurahi. Uongo mwingine unausema mara moja unaondoka zako, huu kila siku unataka kulishwa. Lakini nikiona anavyotulia nikimwambia Shangazi mzima, siwezi kuuacha.

Jumanne, 25 Juni

"Mama Pendo," amesema asubuhi, "nipeleke Igawa."

"Kufanya nini?"

"Kukaa tu. Hata wiki. Kwa Ezekia pale kuna banda mbele, nitaota jua nione magari yanavyopita. Hapa mifupa inaniuma."

"Ukipata nguvu tutakwenda. Mwezi wa tisa."

"Sasa hivi naweza kukaa kwenye gari."

"Subiri upone kwanza, Baba Pendo."

Akasema sawa. Clement ni mtu wa kukubali, ndiyo maana tumedumu. Ezekia alikuwa mwenzake kwenye bustani. Nimempigia Pendo kumwambia, amesema nimejibu vizuri, safari ingemchosha.

Jumapili, 30 Juni

Ukungu. Hajala. Wanajumuiya wamekuja kumwombea Clement, wamekaa viti vyote vilivyo mbali na dirisha la stoo.

Alhamisi, 4 Julai

Jua! Asubuhi tu ukungu uliondoka, mashamba ya chai ng'ambo yakaonekana yote, na kufikia saa nne watu walikuwa wamevua makoti. Nikamwita Tekla na wanawe wawili, tukambeba Shangazi kwa kasha mpaka uani, tukamlaza juu ya turubai jeusi. Sikuwahi kumwona amenyooka. Anakwenda na kwenda, unafikiri ameisha kumbe bado. Madoa yake yaling'aa. Saa nane ulimi ulianza kutoka na kurudi, kichwa kikainuka, akaanza kutafuta.

Tukamrudisha ndani, tukampa sungura. Sikuona hata alivyomkamata. Tekla alipiga kigelegele kana kwamba tuko harusini, halafu akakimbia kwake akarudi na simbilisi wawili wanene. Nao wakaenda. Mtu aliyekaa na njaa mwezi na zaidi humpi kijiko, unamjazia sahani. Hivyo ndivyo tulivyolelewa sote wawili, mimi na Tekla.

Nilikimbilia kwa Clement nikiwa na habari ya kweli kwa mara ya kwanza, na mlangoni nikakumbuka kwamba kwake yeye Shangazi alishakula mwezi uliopita. Ikabidi furaha niipunguze.

"Amekula tena."

"Mapema hivi?" Alikunja uso kidogo. "Jua lipo?"

"Lipo, tele."

"Basi sawa. Joto lisimtoke tu."

Nilisema halitamtoka. Nilikuwa na raha, sikusikiliza sana.

Ijumaa, 5 Julai

Ukungu umerudi, mzito kuliko mwanzo. Umeme umekatika.

Jumamosi, 6 Julai

Umeme bado. Nachemsha maji tangu alfajiri, madumu yanapoa kabla sijayafikisha stoo. Tumbo la Shangazi limevimba pale pale lilipokuwa.

Jumatatu, 8 Julai

Ametapika. Nimesikia harufu nikiwa bado uani. Sungura alikuwa mzima mzima, ameoza, manyoya yanatoka. Nimefunga kanga puani nikazoa kwa koleo, nikaenda nyuma ya choo nikatapika na mimi.

Nilikwenda mpaka mlangoni kwa Clement nikiwa na nia ya kumuuliza nifanye nini. Alikuwa macho, anajishika ubavu. Tekla, aliyekuja kunisaidia, alinivuta. "Usimtie presha mgonjwa. Tumwite bwana mifugo."

Bwana mifugo Lutengano amekuja na pikipiki, kijana mstaarabu. Amesimama mlangoni mwa stoo muda mrefu.

"Mama, mimi ni wa ng'ombe na nguruwe. Huyu nikimchoma sindano sijui hata nichome wapi. Si nasikia mzee mwenyewe ni mtaalamu wao?"

"Mzee anaumwa."

"Hawezi kusema?"

"Anaweza."

Alinitazama. "Basi muulizeni."

Sikumuuliza.

Alhamisi, 11 Julai

Povu linamtoka mdomoni. Anainua kichwa juu, anakiacha hivyo hivyo, mdomo wazi, na pumzi inapita kwa mluzi. Nimekaa naye na jiko la mkaa mlangoni, moshi utoke nje. Nimemwambia habari za Igawa ninazozijua, ni chache.

Ndani Clement ameuliza, "Shangazi je?" Nimesema amelala.

Jumapili, 14 Julai

Amekufa. Nilimkuta asubuhi, kichwa kimelala ndani ya beseni la maji.

Sikwenda kanisani. Matilda alipoona sipo alikuja na jembe lake mwenyewe. Tekla ndiye aliyempa habari. Nilijua amekuja kushangilia. Akavua viatu vya ibada, akavaa mabuti yangu, akachimba chini ya miti ya misindano mpaka gauni likalowa jasho na baridi hii. Tulipomshusha, mimi, yeye na Tekla, Matilda aliinama akampapasa mara moja. "Kumbe ana ngozi nzuri," alisema. Halafu tukafukia.

Tukinawa mikono akaniambia, "Sasa utamwambia kaka."

"Siwezi. Ataumia."

"Aumie. Nyoka ni wake."

"Wewe unataka tu kumwona analia."

"Wifi, kaka yangu si mtoto. Lile jambo la Mbeya mliamua wenyewe, mkaniambia nifunge mdomo, nikafunga. Kila nikija pale naongea na mtu anayepanga mwezi wa tisa. Mimi naenda nyumbani naugua."

Nilimjibu vibaya, sitaandika nilivyomjibu. Ameondoka bila kuaga.

Jumatatu, 15 Julai

Ameuliza. Nimesema mzima.

Alhamisi, 18 Julai

Ameuliza. Nimesema mzima, na kwamba anamsalimu. Alitabasamu. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Jumapili, 21 Julai

Uji vijiko viwili. Nilimbembeleza cha tatu, akakitapika. Nimekumbuka yule sungura nikaweka bakuli chini. Amekonda, macho yamekuwa ya njano. Wageni wote wanamwambia anaendelea vizuri. Naye anawashukuru.

Alhamisi, 25 Julai

Leo alikuwa amenyong'onyea sana, nikatafuta habari ya kumchangamsha. Aliwahi kusema nyoka anayejivua gamba ni nyoka mwenye afya. Nikamwambia Shangazi amejivua gamba. Akachangamka kweli, akataka mto mgongoni.

Jumamosi, 27 Julai

Nitaandika yote.

Saa nne asubuhi, baada ya chai, amesema, "Lile gamba lilete nilione."

"Limechanika chanika."

"Lete vipande. Nataka kile cha kichwani. Gamba la macho lisipotoka linabakia pale, akijivua tena linaongezeka, mwisho anapofuka. Lazima niangalie."

Nikasema haya, nikatoka. Nilikwenda stoo. Tulisharudisha viazi vya mbegu, vimetandazwa mpaka kwenye ile kona yake. Nilisimama pale katikati ya viazi nikitafuta kitu cha kumpelekea, nilikuwa kweli natafuta, naangalia chini na kwenye magunia, mpaka nikajiona. Mwanamke mzima anatafuta gamba la nyoka aliyemzika.

Nikarudi. Sikukaa kwenye kiti, nilikaa kitandani.

"Hakuna gamba. Shangazi alikufa."

"Lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

Hakupandisha sauti. Aliuliza maswali, moja moja, na mimi nikajibu yote. Kwamba mwezi wa sita hakula. Kwamba siku ya jua tulimpa sungura na simbilisi wawili. Kwamba umeme ulikatika. Kutapika, povu, mluzi. Alifumba macho.

"Mlimlisha halafu baridi ikamkuta."

"Alikuwa na njaa."

"Hakuwa na njaa, alikuwa na baridi. Chatu anakaa nusu mwaka bila kula na hafi. Tumbo likipoa chakula kinaoza humo humo. Mwaka ule wa mvua kubwa Igawa alikataa hivi hivi, nikamwacha, nikampa joto tu." Akafumbua macho. "Nilikuwa hapa ndani, Eveline. Hatua chache. Ungeniuliza."

Tangu Pendo azaliwe hajawahi kuniita Eveline.

"Ulikuwa unaumwa. Sikutaka kukupa habari mbaya."

Nikamfunika blanketi miguuni. Nilipoinua uso alikuwa ananitazama.

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Mimi mmenificha nini?"

Vidonda vya tumbo vilikuwa mdomoni kabisa. Ningesema, na angekubali, maana yeye ni wa kukubali. Nikamwambia. Nilimwambia jina la ugonjwa, na alivyosema daktari juu ya mvua. Nilisikia sauti yangu kama ya mtu anayesoma matangazo kanisani.

"Nani anajua?"

"Pendo. Yeye ndiye aliyeambiwa, na mimi."

"Matilda?"

"Anajua."

"Tekla?"

"Anajua."

"Basi ni mimi tu," alisema.

Baadaye, akitazama dirishani, "Mwezi wa sita nilikuwa naweza kukaa kwenye gari." Hilo tu. Sasa hata kugeuka ubavu tunamgeuza. Nilimwambia naweza kutafuta gari la kulala, nitaomba, nitakodi, akatikisa kichwa. Nililia. Hakunibembeleza, na sikustahili kubembelezwa.

Jumapili, 28 Julai

Hajaongea nami leo. Amekunywa maji nilipompa.

Jumatatu, 29 Julai

Nilikwenda kwa Matilda kumwomba msamaha. Alikuwa anapukuchua mahindi. "Umemwambia?" "Nimemwambia." Akajipangusa mikono, akachukua mtandio, tukaja pamoja. Amekaa na kaka yake mpaka jioni. Nimewasikia wakigombana juu ya nani aliyempoteza ng'ombe wa baba yao walipokuwa wadogo, halafu nikawasikia wanalia, wote wawili.

Huyu ndiye niliyesema ana moyo wa jiwe.

Jumatano, 31 Julai

Pendo amefika kutoka Mbeya. Clement alitaka waongee peke yao. Alipotoka macho yalikuwa yamevimba, akanikuta namenya viazi, akashika kisu na yeye.

"Mama, tulikosea?"

"Tulikosea."

"Tulimpenda lakini."

"Tulimpenda. Tulikosea."

Tukaendelea kumenya, viazi vingi kuliko tulivyoweza kula.

Jumamosi, 3 Agosti

Kumbe Clement ana maneno mengi. Ameniambia anapotaka kuzikwa, upande wa jua. Ametaka Ezekia apigiwe simu, wakaongea mpaka salio likaisha, Ezekia akamwelezea magari yanayopita. Amemwambia Pendo asiache kumalizia nyumba yake kwa ajili ya msiba. Wageni wa leo walipomwambia anaendelea vizuri, aliwajibu kwa upole, "Hapana, nakufa. Kaeni, mnywe chai." Mmoja aliondoka na kikombe mkononi.

Anapotaka kula anasema. Asipotaka simlazimishi. Namwekea madumu ya maji ya moto miguuni.

Jumanne, 6 Agosti

Asubuhi aliniuliza kama usiku pumzi yake ilikuwa mbaya. Nikasema ilikuwa mbaya. "Kama ya Shangazi?" Nikasema ndiyo, inafanana. Alifikiri juu ya hilo, akaomba nimgeuze atazame dirishani.

Bado ana hasira na mimi kidogo, naiona. Hainiumizi kama zile shukrani zake za uongo wetu zilivyokuwa zinaniumiza. Nilimshika mkono, ni mwepesi sasa, nikamuuliza jambo ambalo tangu mwezi wa nne sikuthubutu kumuuliza, kwamba je, anaogopa.

"Naogopa," alisema.

Nikamwambia na mimi naogopa. Nikapanda kitandani upande wa ukutani, tukakaa hivyo, tunaogopa pamoja, mpaka Matilda alipokuja na uji.